Sola kugombana na umeme wa nguzo: dalili, chanzo na wapi uanze kushika

Simu ninazopigiwa zinafanana mno. "Fundi, inveta imekufa", nafika naikuta nzima kabisa, inasubiri tu umeme wa nguzo utulie. Au "fundi, LUKU inakula yuniti kuliko kabla sijafunga sola", na hapo mtu kashatoa mamilioni anakuangalia kama we ndo umemwibia. Mara nyingi hata sio mimi niliyefunga. Kwahiyo nimeamua niandike kwa dalili, ukiona shida yako uanze na kile kinachosababisha mara nyingi kabla hujafungua inveta au hujakimbilia Kariakoo kununua nyingine.

Naongelea mifumo ambayo sola na umeme wa nguzo vinakutana nyumba moja. Kama paneli zako zinachaji betri ya taa tatu na hamna waya wowote unaogusa umeme wa shirika, mengi humu hayakuhusu.

Kabla hujagusa kitu

Jua kwanza una inveta ya aina gani, maana wengi hawajui na aliyewauzia nae hakuwaambia. Ipo ile inayouchukua umeme wa nguzo kama msaada tu, inachajia betri, ukizidiwa inaupitisha moja kwa moja, lakini hairudishi hata wati moja nje. Hizi ndo zimejaa madukani. Ipo inayofanya kazi sambamba na nguzo, inasukuma umeme kwenye DB (boksi la breka) nguzo ikiwepo, na ukizalisha kuliko unachotumia ziada inatoka nje inaenda kwa jirani. Halafu ipo haibridi, yenyewe inafanya yote kutegemea seting. Soma kibandiko ubavuni. Kikitaja kiasi cha nguvu inachoweza kutoa kwenda gridi, basi iko kwenye kundi la pili au la tatu.

Pili, pima voteji. Sio mara moja. Pima asubuhi kabla jua halijapanda, pima saa saba mchana jua la utosini, pima saa mbili usiku watu wote wakiwa wanapika na kuangalia tivii. Mchana pima mara mbili, inveta ikiwa inasukuma na inveta ikiwa imezimwa. Andika kwenye karatasi. Hizo namba nne tano zitakuambia zaidi ya fundi watatu wanaobishana, na hata ukienda shirika la umeme zinakupa pa kusimamia. Kama hujazoea kushika mita kwenye DB yenye moto basi soma voteji kwenye skrini ya inveta au kwenye apu yake, inatosha kwa kuanzia.

Namba ya kukumbuka ni 230. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60038 kinaruhusu asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya volti 207 na 253. Inveta nyingi zimeambiwa kiwandani zikikuta zaidi ya 253 kwa wastani wa dakika 10 zijitoe zenyewe.

Dalili: inveta inafanya kazi asubuhi vizuri, jua likikaza inazima, inarudi, inazima tena

Hii ndo namba moja. Kwenye skrini utakuta imeandika "grid overvoltage" au "AC voltage high", kutegemea kampuni. Watu wanasema inveta inashindwa na joto. Inaweza ikawa joto kweli, ila joto lina ujumbe wake tofauti na mara nyingi inveta yenye joto hupunguza nguvu taratibu, haikati ghafla na kurudi baada ya dakika moja au tano.

Elewa kinachotokea hapa kwanza. Laini za mtaani zilijengwa umeme uende upande mmoja tu, kutoka transfoma kuja kwako, na voteji inapungua kadri unavyokua mbali. Ndo maana wakati mwingine transfoma imepandishwa kidogo makusudi ili nyumba ya mwisho ipate umeme wa maana usiku. Sasa we unakuja mchana, watu wako kazini, hamna anayetumia, unasukuma kilowati 5 kurudi nyuma kwenye waya uleule. Ili umeme utoke kwako lazima voteji yako iwe juu kidogo ya ile ya nguzo, na waya ukiwa mwembamba au mrefu hiyo "kidogo" inakua kubwa. Inveta inajiona iko juu ya mpaka, inajitoa.

Chanzo kinachoongoza kwa nilivyoona mimi ni waya wako mwenyewe kati ya inveta na DB. Watu wanamlaumu mwenye nguzo wakati kosa liko ndani ya geti. Kipimo chake ni rahisi, inveta ikiwa inasukuma sana pima voteji kwenye terminali zake, halafu haraka kapime kwenye meni swichi. Tofauti ikizidi volti 3 hivi, waya wako ni mwembamba au kuna kiungo kimelegea. Piga hesabu, inveta ya kilowati 5 inatoa kama ampia 21. Waya wa shaba wa milimita 4 una ukinzani wa omu 4.61 kwa kilomita. Paneli ziko juu ya banda la nyuma, mita 30 kutoka DB, kwenda na kurudi mita 60, hapo umeshapata ongezeko la karibu volti 6. Ukiweka wa milimita 10 inashuka mpaka volti 2 na kidogo. Nilienda nyumba moja Goba mtu kavuta milimita 2.5 umbali huohuo, kwasababu waya ulikua umebaki kwenye ujenzi! Terminali za inveta zinasoma 257, DB inasoma 248. Volti tisa zinaishia kwenye waya, na waya wenyewe ukiushika una joto. Hapo hata kuzima kwa inveta ilikua ni bahati yake maana bila hivyo angeunguza dari.

Chanzo cha pili ni viungo vilivyolegea. Skrubu za breka, lagi ambazo hazikubanwa na koleo lake, alumini kuungwa na shaba moja kwa moja bila kiunganishi cha kazi hiyo. Zima kila kitu, hakikisha kwa mita hamna moto upande wa nguzo na wa inveta pia, ndo ubane. Ukiona plastiki imebadilika rangi au harufu ya kuungua, usibane, badilisha.

Cha tatu ni waya wa kutoka nguzoni mpaka mita. Huo sio wako kuugusa. Ila unaweza kujua kama ndo wenyewe, kwa kulinganisha voteji ya meni swichi inveta ikiwaka na ikizimwa. Chukulia waya wa alumini wa milimita 16, mita 60 toka nguzo. Unaongeza karibu volti 5 kwa ampia hizohizo 21.

Cha nne ni laini yenyewe kua ndefu na we uko mwisho, mita 400 toka transfoma kwa waya wa alumini wa milimita 50 kwenye fezi moja ni volti 10 au 11 nyingine. Jumlisha na hapo juu uone mwenyewe. Kama transfoma inatoa 240 bila we kusukuma kitu, mchana utafika 255 bila mtu yeyote kukosea.

Cha tano, transfoma imepandishwa sana. Hii utaijua kwa kupima inveta ikiwa imezimwa, kama asubuhi mapema na mchana unakuta 248, 250 hata bila sola, basi shida haikuanza na wewe. Transfoma za mtaani zina kiteuzi cha kupandisha au kushusha kwa hatua za asilimia 2.5, kinageuzwa na watu wa shirika transfoma ikiwa imezimwa. Wapelekee karatasi yako ya namba, omba wakague. Jua pia kwamba wakishusha, jirani wa mwisho wa laini usiku anaweza kulalamika taa zimefifia, kwahiyo wakikuambia wanahitaji kupima kwanza hawakuzungushi, ni kweli.

Sasa marekebisho upande wako, ukishamaliza waya. La kwanza ni kutumia umeme mchana, pampu ya kisima, hita ya maji, kufua, vihamishie saa tano mpaka saa tisa, voteji inashuka yenyewe na hela hujatoa. La pili ni kupunguza unachotoa nje kwa seting, kwa inveta yenye uwezo huo unaiwekea inapunguza nguvu polepole voteji ikipanda badala ya kukata yote. Ipo pia seting ya kufanya inveta inywe nguvu tendwa hasi (reactive power, ule umeme unaoenda na kurudi bila kufanya kazi) ili kushusha voteji, inasaidia, ila kwenye laini za mtaani haisaidii kama vitabu vinavyosema, kwasababu nyaya zetu ndogo ukinzani wake ni mkubwa kuliko riaktansi (kizuizi kinachotokana na usumaku wa waya, ndicho ambacho seting hiyo inakitegemea).

La tatu, kama una fezi tatu tumia inveta ya fezi tatu. Wengi hawaliamini hili mpaka wapige hesabu. Nguvu ileile ukiigawa sawasawa kwenye fezi tatu, kila waya unabeba theluthi ya ampia na nyutro haibebi kitu, hivyo kupanda kwa voteji kunakua moja ya sita. Ile 10 ya hapo juu inakua chini ya volti 2.

Na sasa kitu ambacho nagombana nacho kila siku: fundi anaingia kwenye seting anapandisha mpaka wa voteji kutoka 253 kwenda 265, inveta inanyamaza, mteja anafurahi, fundi anaondoka na hela yake. Friji, tivii na chaja za watu wa mtaa mzima zinapokea hiyo 260. Usikubali. Kama mpaka umebadilishwa bila shirika la umeme kuridhia kwa maandishi, urudishe.

ACHA HAPO uite mwenye laini kama: voteji inaruka juu na chini ndani ya sekunde, au unapata zaidi ya 260 inveta ikiwa imezimwa, au fezi moja iko 260 nyingine 190. Hiyo ya mwisho ni nyutro iliyokatika au inayokatika mahali, tutaiongelea chini, na haisubiri kesho.

Dalili: LUKU inakula zaidi tangu ufunge sola

Chanzo cha kwanza kwa mbali: mita haijui kurudi nyuma. Mita nyingi za kulipia kabla zinahesabu umeme unaopita bila kujali unaelekea wapi, kwahiyo ukisukuma yuniti moja nje inakukata yuniti moja kama vile umeitumia. Umemzawadia jirani na umelipia. Nyingine zinaona umeme ukirudi nyuma zinadhani unaichezea, zinajifunga na kuandika tamper, hapo huwezi kuifungua mwenyewe mpaka upewe tokeni ya kuifungua na shirika, na kuna maswali utajibu.

Kipimo: siku ya jua zima kila kitu ndani, acha inveta tu. Angalia taa ya mita inayopepesa kila ikihesabu. Ikiendelea kupepesa haraka wakati hamna unachotumia, jibu ndo hilo.

Tiba ni kuzuia kutoa nje. Kwenye haibridi na zile za sambamba kuna klampu ndogo ya CT (kipimo cha ampia) inayovaa waya wa fezi unaotoka kwenye mita, inaiambia inveta nyumba inatumia kiasi gani ili itoe kiasi hichohicho. Na hapa ndo kinapokuja chanzo cha pili, klampu imewekwa kinyume. Ina mshale. Ikiwa kinyume inveta inaona unatumia wakati unatoa, inaongeza, inaona unatumia zaidi, inaongeza tena, mpaka inasukuma yote iliyonayo nje na LUKU inalia. Nimeikuta hii kwa mafundi wazuri kabisa kwahiyo usione aibu. Geuza klampu, au kama apu ina seting ya kugeuza itumie hiyo. Angalia pia klampu haiko kwenye fezi nyingine na ile ya inveta, na haijavalishwa waya unaopita baada ya mgawanyo, lazima ione kila kitu cha nyumba.

Cha tatu, inveta inachajia betri kwa umeme wa nguzo usiku. Seting ya kiwandani mara nyingi iko hivyo. Unachaji usiku kwa hela, mchana betri imejaa, jua halina pa kwenda. Badilisha kipaumbele kiwe jua kwanza.

Cha nne ni inveta yenyewe kula. Inveta kubwa ya bei nafuu ikiwaka bila mzigo inaweza kula wati 50 mpaka 100 muda wote. Wati 70 kwa saa 24 ni yuniti 1.68 kwa siku, zaidi ya 50 kwa mwezi. Sio wizi ni hesabu.

Kama unataka kweli kutoa nje na kulipwa au kufidiwa, hiyo ni mkataba na mita ya pande mbili, inaombwa rasmi. Wenzetu Kenya sheria yao ya nishati ya 2019 imeweka utaratibu huo na kanuni zake zikatoka 2024. Popote ulipo, usitoe nje kimyakimya ukitegemea hawatajua.

Dalili: umeme wa nguzo ukikatika na sola nayo inazima, jua likiwa linawaka

Hii sio ubovu. Naomba niirudie maana nimeitwa safari nyingi kwa hili. Inveta inayofanya kazi sambamba imelazimishwa kujizima nguzo ikikata, kwenye viwango vikubwa duniani ni ndani ya sekunde 2. Sababu ni yule kijana aliyepanda nguzo akiamini laini haina moto. Transfoma haijui upande wa kuingilia na wa kutokea. Ukiipelekea volti 230 kwa chini, kule juu inatoa volti 11,000 au 33,000.

Ukitaka kuwaka nguzo ikikata unahitaji haibridi yenye betri na laini yake ya akiba, iliyotenganishwa na nguzo kwa swichi ya ndani au ya nje.

Kama unayo haibridi na bado inazima, angalia kwa mfuatano: vifaa vimeungwa upande wa akiba au vimebaki upande wa nguzo, mara nyingi fundi kaunga soketi za sebuleni tu na we unategemea friji. Halafu angalia betri ina chaji, na inveta imeruhusiwa kuitumia mpaka kiwango gani. Halafu mzigo, pasi na birika vikiwaka pamoja kwenye inveta ya kilowati 3 lazima ianguke. Mwisho ndo ufikirie kifaa cha ndani.

Na kuhusu ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani "tu kwa leo": hapana. Nikiukuta kwa mteja naukata na koleo mbele yake. Meni swichi ikisahaulika tu kuzimwa umeshapeleka moto nguzoni, na nguzo ikirudi jenereta yako inapigwa vibaya.

Dalili: taa zinapepesa, au zinawaka sana halafu zinafifia

Kwanza tazama mbinguni. Wingu likipita juu ya paneli nguvu inashuka ndani ya sekunde chache na voteji inatikisika kidogo, ukiwa mwisho wa laini utaona. Kama kupepesa kunafuata mawingu ni hilo, linavumilika, betri au kupunguza kinachotoka nje kunatuliza.

Kama kunafuata pampu au kompresa ya jirani, ni laini dhaifu na sola haihusiki. Jaribu kuzima inveta, ikiendelea umejua.

Kama taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi wakati za chumba kingine zimefifia, au ukiwasha birika taa zinang'aa badala ya kufifia, zima meni swichi, zima inveta, tafuta tochi. Hiyo ni nyutro. Kwenye fezi tatu nyutro ikikatika, fezi zinagawana voteji kwa mzigo uliopo, moja inaweza kufika 300 na zaidi huku nyingine ikiwa 150. Inveta ya sola nayo ikiwa inasukuma kwenye fezi moja inazidisha mchanganyiko. Ukiiacha, vitu vinakufa kimoja kimoja na mabati au bomba vinaweza kuwa na moto. Usitafute mwenyewe imekatika wapi, ikiwa ni kabla ya mita ni kazi ya shirika la umeme, ikiwa ndani ni fundi mwenye leseni, EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania) wanatoa leseni kwa madaraja, muombe akuonyeshe ya kwake.

Dalili: nguzo imekata, uko kwenye betri, testa inawaka pande zote mbili za soketi

Nyutro inaelea. Nguzo ikiwepo, nyutro inaungwa ardhini huko nje, sasa inveta imejitenga na ule muunganiko umekatika nao, kwahiyo kila waya unasoma kama volti 115 ukipima na ethi. Vifaa vinafanya kazi kama kawaida na ndo maana hamna anayejali, mpaka siku mtu akishika kifaa kibovu na breka ya kuvuja (ile inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) haikati. Inveta nzuri zina rilei ya kuunga nyutro na ethi zikiwa kwenye betri, iwashe kwenye seting kama ipo. Usiunge kwa waya wa kudumu, nguzo ikirudi utakua na muunganiko sehemu mbili na breka zako zitaanza kukata ovyo. Hii mwachie anayejua.

Dalili: jenereta ikiwaka pamoja na sola, inapiga kelele ajabu, frikwensi inapanda, kila kitu kinazima

Wenye lodji na hospitali za mbali hii ni yenu. Jenereta sio gridi. Gridi ni kubwa, inameza ziada yako bila kuisikia. Jenereta ya kVA 60 ukiipelekea kilowati 40 za sola wakati nyumba inatumia 35, ile ziada inarudi kwenye jenereta yenyewe, inaisukuma injini, frikwensi inapaa, inveta inajitoa, mzigo wote unaangukia jenereta ghafla, inayumba, inveta inarudi, mnaanza upya.

Angalia kwanza kama inveta inajua iko kwenye jenereta. Haibridi nyingi zina mlango wake wa jenereta au seting yake, nguzo na jenereta havichomekwi pamoja hivihivi. Kisha angalia mzigo. Jenereta ya dizeli isiende chini ya karibu asilimia 30 ya uwezo wake kwa muda mrefu, vinginevyo inachafuka ndani, moshi mweusi, mafuta yanavuja kwenye ekzosi. Kwahiyo sola lazima ipunguzwe ili jenereta ibaki na kazi, kuna kidhibiti maalumu cha kufanya hivyo. Lodji moja huko Karatu walikua wanazima sola kwa mkono kila jenereta ikiwaka, mlinzi ana zamu ya hilo. Sio njia ya kisasa ila haikuunguza kitu, nami sikuwacheka.

Dalili: umefunga sola hotelini au kiwandani, bili imepungua kidogo tu na pawa fakta imeporomoka

Hakuna kilichoharibika, ni hesabu. Pawa fakta ni kilowati zinazofanya kazi kweli ukigawanya kwa kVA zote unazovuta. Tuseme unatumia kilowati 100 na kVAr 48 za nguvu tendwa hasi, pawa fakta ni 0.9. Umeweka sola inatoa kilowati 60 za nguvu halisi tupu. Kwenye mita ya shirika sasa zinaonekana kilowati 40, lakini zile 48 zimebaki palepale, pawa fakta inasoma 0.64. Na bili ya kVA, ulikua 111, sasa ni 62 au 63 mchana, lakini wingu moja likipita wakati mashine zote zinawaka unarudi kwenye kilele kilekile, na kilele cha mwezi ndo kinacholipiwa.

Angalia kwanza kapasita benki (makapasita ya kurekebisha pawa fakta) inafanya kazi, nimekuta nyingi fyuzi zimekufa miaka na hamna aliyejua. Kisha angalia CT ya kidhibiti chake iko wapi, ikiwa iko mahali inapoona mzigo bila sola itafanya maamuzi ya kijinga. Kisha weka inveta itoe na nguvu tendwa hasi pia, nyingi zinaweza mpaka pawa fakta ya 0.8, ila kumbuka uwezo wake unagawanywa. Usiongeze makapasita kwa kubahatisha, yakizidi Jumapili kiwanda kimelala voteji inapanda, tunarudi kwenye dalili ya kwanza. Hapa ita mhandisi mwenye kifaa cha kurekodi wiki nzima.

Dalili: asubuhi yenye umande au baada ya mvua inagoma kuwaka, saa nne inawaka yenyewe

Hii haina uhusiano na nguzo, naiweka kwasababu watu wanaichanganya. Ujumbe ni wa insulation au isolation. Kuna waya wa paneli umechubuka au konekta imeingia maji, jua likikausha inapona. Paneli zikiunganishwa kwa mfululizo ni volti 300, 400, 600 za DC, na DC ikianza cheche haijizimi kama AC. Usichomoe konekta wakati inafanya kazi. Usipande bati likiwa limelowa. Fundi.

Dalili: inveta ya mtumba kutoka Ulaya inajitoa bila sababu, voteji iko sawa

Angalia frikwensi na seting ya nchi. Ujerumani zamani walitaka kila inveta ijitoe palepale frikwensi ikigusa hezi 50.2 (kawaida ni 50), baadaye wakagundua wana sola nyingi kiasi kwamba zikijitoa zote kwa pamoja zinaangusha gridi, kuanzia 2012 ikabidi wabadilishe seting za mitambo zaidi ya laki tatu. Inveta ya wakati ule ukiileta kwenye gridi ndogo ya kijiji au kwenye jenereta, ambako frikwensi inapanda na kushuka kama kawaida yake, itakua inajitoa kutwa nzima. Kama menyu inakuruhusu kuchagua nchi au kiwango kingine, uliza shirika la umeme wanataka kipi, usichague kwa kubahatisha kile chenye mipaka mipana. Kama inadai nywila ya kiwandani na aliyekuuzia hana, mrudishie.